Bei ya Trekta ya Deo

Acheni kunitumia picha. Kila Jumamosi simu yangu inajaa picha za trekta: trekta imeoshwa, trekta imepigwa rangi, trekta ina kijana aliyeketi juu yake anacheka kama bwana harusi. Chini yake mmeandika, "Mzee Amba, hii bei gani?" Picha haitoi moshi, wala haina harufu. Mkitaka niwaambie bei ya trekta kuukuu yenye injini mgonjwa, nipelekeni ilipo, asubuhi, ikiwa baridi, na kabla sijapewa chai.

Hilo la chai nitalieleza. Ndilo linalonitia hasira mpaka leo, na mimi si mtu wa hasira. Mke wangu anasema nikikasirika huwa naosha vyombo.

Nilifanya kazi kwenye yadi ya mashine za shamba nje ya Märsta mpaka magoti yalipokataa. Nilisoma Tukuyu hadi darasa la saba, nikaongeza mafunzo ya ufundi yaliyonileta Sweden nikiwa kijana. Yaliyobaki nilifundishwa na Göte, Mswidi aliyekuwa bingwa wa ile yadi. Alikuwa na maneno machache, na kifuko kidogo cha tumbaku chini ya mdomo wa juu kutwa nzima. Mara ya kwanza kuniambia nipige bei, alinionyesha trekta ya bluu iliyoletwa na mkulima mmoja. Nikaizunguka. Nikayapiga matairi teke, kwa sababu nilikuwa nimeona watu wakifanya hivyo. Nikakalia kiti, nikasifu rangi, nikataja bei kubwa kwa sauti ya mtu anayejua.

Göte akaniuliza, "Unanunua mtu au viatu vyake?"

Akanishika kiganja, akakibandika ubavuni mwa injini. Ilikuwa na joto. Na asubuhi ile madimbwi ya yadi yalikuwa yameganda.

"Nani ameiwasha kabla yako?" akauliza. "Na kwa nini?"

Basi, mkono kwanza. Injini iliyolala usiku kucha kwenye baridi haijui kudanganya. Iwashe wewe mwenyewe, kisha usimame nyuma yake usome moshi. Moshi mweusi usikutishe sana, mara nyingi ni nozeli au pampu ya dizeli. Hiyo ni homa. Wa bluu ni oili inaungua, na hapo anza kushusha bei. Mweupe ukitoka kidogo na kukoma, ni baridi tu. Mweupe ukikataa kukoma, na una unyevu, maji yanaingia yasikotakiwa. Fungua kifuniko cha oili huku injini ikinguruma. Ikikupumulia usoni kama ng'ombe aliyekimbizwa, ringi zimekwisha. Vuta kijiti cha oili. Ukikuta rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika na oili. Lakini ukikuta oili mpya, safi, inayong'aa, kwenye trekta ambayo haijafanya kazi tangu mavuno, hapo ogopa zaidi. Mtu hamnunulii maiti nguo mpya bila sababu.

Na msiwasikilize wenye mali. Kila trekta niliyoiona ikishushwa kutoka kwenye lori, haiwezi hata kujisogeza, mwenye nayo aliniambia inataka sevisi tu. Kulikuwa na Mkenya mmoja, mcheshi sana, aliyeleta trekta ambayo pistoni moja ilikuwa imetoboka. Nikamwonyesha tundu. Akachungulia, akasema, "Mzee, hiyo ni ya kuingiza hewa." Tulicheka naye, nikampa bei ya chuma, akaichukua akiwa bado anacheka. Mtu wa namna hiyo simchukii. Anajaribu bahati yake mbele yako, mchana, na wewe una macho.

Bei yenyewe ni hesabu fupi. Uliza trekta kama hiyo, ikiwa nzima, inauzwaje mwaka huu. Ondoa gharama ya kuitibu, spea pamoja na kazi. Ondoa tena kidogo kwa ajili ya kile usichokiona, maana ugonjwa wa injini hausafiri peke yake. Kama tiba inazidi bei, sahau injini. Hapo unauza matairi, giaboksi, haidroliki, ekseli ya nyuma na uzito wa chuma. Bei hiyo inamuumiza muuzaji, lakini ni bei. Kitu kingine chochote kikiingizwa ndani ya hesabu hiyo, iwe undugu, iwe dini, iwe machozi, kinaharibu.

Sasa nawaambia kuhusu Deo.

Deo alikuwa Mrundi wa Makamba, fundi mwenzangu pale yadi. Tulikula chakula cha mchana benchi moja kwa miaka bila kusumbuana kwa maneno, na nilipokwenda nyumbani nilihisi tumeongea sana. Alinunua trekta nyekundu ya zamani, ya silinda tatu, akaiweka kwenye banda alilokodi kwa mkulima, mwendo mfupi kutoka yadi. Alitaka kuipeleka kwa ndugu zake. Kila majira ya baridi alikuwa akiitengeneza sehemu moja. Alikuwa fundi wa kujifuta mikono kabla ya kushika bolti. Nimewaona wachache.

Alipoanza kuumwa alikuwa karibu amemaliza. Ilibaki hosi moja ya rejeta iliyokuwa imechoka. Akaitoa, akamwaga maji yote ya rejeta na ya injini kupitia koki ya bloku, ule mwili wa chuma wa injini, akaiacha tupu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa huku. Injini tupu baridi haiifanyi kitu. Aliniambia hospitali, "Hosi mpya iko chini ya kiti. Nitaifunga nikitoka." Hakutoka.

Msiba ulikuwa nyumbani kwake Vårby gård, kitongoji cha Stockholm. Nyumba ilijaa mpaka kwenye ngazi, Warundi, Wanyarwanda, Wakongomani, sisi Watanzania. Wengine walisimama wakasema juu ya Deo, vizuri sana. Mimi nilikuwa jikoni naosha masufuria. Koti lake la kazi lilikuwa bado limetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, nikaligeuzia mgongo nikaendelea kusugua.

Kamati ya msiba ilichaguliwa pale pale. Mwenyekiti alikuwa Mtanzania mwenzangu mwenye duka la vyakula Fittja. Jina lake silitaji. Ana watoto wanaosoma haya. Alisimama sebuleni akamwambia mjane, Mama Chantal, mbele ya watu wote: "Mama, hutakaa peke yako. Sisi ndio Deo sasa." Watu wakaitikia amina. Hata mimi, na sufuria mkononi, niliitikia.

Ahadi ile ilikaa wiki kadhaa bila mtu kuigusa. Kisha Mwenyekiti akanipigia simu.

"Mzee Amba, tumepata njia ya kumsaidia mama. Tunauza trekta."

"Sawa," nikasema. "Nzima ile haikosi krona elfu thelathini."

"Arobaini na tano."

"Trekta gani?"

"Mzee, ingiza na msiba humo. Mnunuzi ni dada wa Kikongo, Bahati, anafanya usafi pale uwanja wa ndege wa Arlanda. Mtu wa Mungu, anataka kuwapelekea kaka zake Fizi. Amesema hawezi kulipa mpaka wewe useme bei. Kwa hiyo Jumamosi tunakuomba uwe mchungaji kidogo, usiwe fundi sana."

Nikamwambia bei ina mahali pake na rambirambi ina mahali pake. Akacheka. "Ndiyo maana hukutajirika," akasema. Hapo alisema kweli.

Jumamosi ile ilikuwa asubuhi ya baridi kali, majani yanavunjika ukiyakanyaga. Nilipofika bandani niliwakuta wamenitangulia: Mwenyekiti, wanakamati watatu, Mama Chantal amejifunga kitambaa chake cheusi, na Bahati, mwanamke mfupi wa makamo, bado na koti la kazini kwa sababu alikuwa ametoka zamu. Mwenyekiti alikuwa ameweka ubao juu ya mapipa, na juu ya ubao termosi kubwa, vikombe, na maandazi yaliyofunikwa kitambaa.

"Karibu Mzee, chai kwanza!"

Sikilizeni, vijana. Wote tumelelewa hivyo. Mtu akikukaribisha chai ukaipita ukaenda kwenye mali yake, umemtukana. Unakaa, unauliza habari za watoto, unauliza mvua za nyumbani, unasifu tangawizi. Ukimaliza kikombe cha pili huwezi tena kupiga magoti mbele ya mwenyeji wako ukachungulia chini ya injini yake kama polisi. Nimewaona ndugu zetu wengi wakinunua mizoga kwa njia hiyo, hapa hapa Stockholm, kwa adabu. Mswidi atamwambia Mswidi mwenzake, "Iwashe." Sisi tunaona haya. Na yupo anayejua kwamba tunaona haya, naye huja na termosi.

Nikapokea kikombe, nikakiweka chini. Nikaenda kwenye trekta nikabandika kiganja.

Ilikuwa na joto kama mkate.

"Nani ameiwasha?" nikauliza.

"Tuliichangamsha kidogo," akasema Mwenyekiti. "Mgeni anakuja, utamwacha mgeni kwenye baridi?"

Wanakamati wakacheka. Nikavuta kijiti cha oili. Mpya, safi. Nikaangalia hosi ya rejeta: ile ile iliyochoka, imerudishwa na kukazwa kwa waya. Nikainama ubavuni. Deo hakuwahi kuipaka rangi bloku. Alikuwa anasema rangi kwenye bloku ni shati juu ya kidonda. Sasa palikuwa na ukanda wa rangi nyekundu mpya, mrefu, unakwenda chini ya manifoldi. Nikatoa ufunguo wa nyumba yangu nikakwangua.

"Mzee, unaharibu!" Mwenyekiti akasema.

Rangi ikatoka. Chini yake kulikuwa na putty ya kijivu ya kuzibia nyufa, nayo ikatoka vipande. Chini ya putty kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele, mrefu kuliko mkono wangu, na unatoa jasho.

Nilibaki nimeinama pale muda. Walidhani nachunguza. Nilikuwa nangoja uso wangu urudi.

"Nani aliweka maji?"

Wanakamati wakamtazama Mwenyekiti.

"Nauliza nani aliweka maji ya bomba kwenye injini hii, akaiacha nje igande."

"Rejeta ilikuwa tupu!" Mwenyekiti akalipuka. "Siku ile tuliitoa nje tuipige picha. Mtu mwenye akili akiona rejeta tupu afanye nini? Si aweke maji? Nyumbani ungefanya nini?"

"Nyumbani ningeweka maji."

"Basi!"

"Hapa si nyumbani. Hapa maji yanavimba yakilala. Yanapasua chuma. Ndiyo maana Deo aliyatoa."

Na niwaambie wazi, kosa lile la maji ningelisamehe siku hiyo hiyo. Kwetu rejeta tupu ni aibu ya dereva. Unasimamisha gari darajani, unashuka na kopo, unachota mtoni, unajaza, unashukuru Mungu. Mikono yetu imezoea hivyo. Wengi wetu tumeishi huku miaka mingi hatujui yale maji ya rangi ya kijani, yasiyoganda, gereji wanayaweka ya nini. Lakini mtu aliyekuta maji yanachuruzika ubavuni, akatafuta putty, akatafuta rangi inayofanana, akabadilisha oili, akaamka mapema kuiwasha, kisha akachemsha chai ya tangawizi, huyo hakukosea. Alifanya kazi, tena kwa bidii.

Bahati alikuwa amesogea nyuma yangu. "Papa Amba," akasema kwa sauti ndogo, "miye sijue mambo ya mashini. Unisemee tu. Bei gani?"

"Mzee," Mwenyekiti akanionya.

"Kwa mtu anayetaka spea," nikasema, "elfu nane, na hapo ni kwa sababu giaboksi ameifunga Deo. Wewe unataka kulima. Kwako haina bei. Bloku imepasuka. Ipo namna ya kushona chuma, lakini gharama yake unanunua trekta nyingine ukabaki na chenji. Ikishuka Fizi italima siku mbili, halafu itakuwa kiota cha kuku."

Bahati akaweka mkono juu ya mkoba wake. Akaukumbatia hivi, kama mtu aliyenusurika kuangusha mtoto.

Sauti iliyofuata ilikuwa ya Mama Chantal.

"Mzee Amba. Weye ni rafiki wa Deo ama ni rafiki wa trekta?"

Mjane wa rafiki yangu amekaa juu ya pipa kwenye baridi, na mimi nimetoka kumwondolea elfu thelathini na saba kwa ufunguo wa nyumba. Hakuambiwa habari za maji. Hakuambiwa habari za putty. Aliambiwa kuna dada anakuja na pesa.

"Mama," nikasema, "Deo aliiacha nzima. Aliyatoa maji kwa mkono wake mwenyewe akiwa anaumwa. Ikifika kule ikafa siku ya pili, ndugu zake huyu dada watauliza ilikuwa trekta ya nani."

Akatazama ule ufa. Kisha akasema, "Watasema ya Deo."

"Na mama ale nini?" Mwenyekiti akadakia. "Tuambie wewe mtakatifu! Ukweli wako utalipa kodi ya nyumba Vårby? Sisi tunahangaika kumsaidia, wewe unakuja na ufunguo!"

Hapo hasira ilinitoka, na nikiikumbuka sijutii hata neno moja. Nikamwambia: "Unamsaidia na nini? Ulisimama sebuleni kwa Deo ukasema ninyi ndio Deo sasa. Tukaitikia wote. Toka siku ile ni nani kati yenu amegonga mlango wa mama huyu na mfuko wa unga? Wewe unalo duka! Mmekwenda kumtafuta mwanamke anayefagia uwanja wa ndege usiku, mkampakia ahadi yenu mgongoni, ailipe yeye, na hata hajui kama anailipa. Hiyo bei ya arobaini na tano, thelathini ni trekta nzima ambayo mmeiua, na kumi na tano ni rambirambi zenu ambazo hamkutoa. Mkaifunika kwa rangi. Mkasema ni msiba!"

Sijawahi kusema maneno mengi namna ile kwa pamoja, si kazini wala nyumbani. Mwanakamati mmoja akaanza kufunika maandazi, ingawa hakuna aliyekuwa ameyagusa.

Mama Chantal akainuka akaenda mlangoni, akasimama pale akitazama nje. Mlango wa banda lile ulikuwa mwembamba. Ule mkubwa wa trekta ulikuwa umegandiana na barafu.

Bahati akafungua mkoba. Akatoa bahasha nene, ile ya trekta, akachomoa humo noti kadhaa, bahasha akairudisha. Akamfuata mjane, akapiga goti kidogo, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia kama wanavyofanya kwao.

"Mama," akasema, "hii ni ya kilio. Sikumjua bwana yako, lakini nimeona kazi yake. Ya trekta, sina."

Mama Chantal akapokea kwa mikono miwili. Wakashikana pale, hawajuani.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka muijue ninyi mnaonunua na kuuza. Rambirambi unaitoa ukijua unaitoa, na anayepokea anajua amepokea nini. Ukiichanganya ndani ya bei, mmoja anaibiwa na mwingine anaombewa bila kujua, na wewe uliye katikati unaonekana mwema.

Nikatoa nilichokuwa nacho mfukoni, nikampelekea. Nikarudi nikasimama karibu na injini. Ilikuwa imeanza kupoa.

"Haya," nikawaambia kamati. "Trekta nimeshaipigia bei. Tuna jambo la Deo sasa. Nani anafuata?"

Yule aliyekuwa anafunika maandazi akaingiza mkono kwenye koti. Wa pili akauliza kama mama ana akaunti ya kutumiwa kwa simu. Nikamwambia amuulize mwenyewe, akamwuliza. Wa tatu akaomba mwenzake amkopeshe.

Mwenyekiti akachukua termosi yake, akatazama saa, akasema ameacha duka wazi Fittja, hana budi kuwahi.

Akaenda mpaka mlangoni. Mama Chantal alikuwa bado amesimama pale, noti mkononi, anamtazama. Hakumpisha.